Mama Mkwe Ndani ya King'amuzi

Mwezi uliopita niliahidi kuzungumzia bajeti ya wanandoa, lakini niwie radhi, bajeti itasubiri. Mwezi huu nina kisa changu mwenyewe, na nisipokitoa sasa kitanikaa kooni.

Ilikuwa saa nane usiku, Julai ya mwaka jana. Wanaoifahamu Mbeya wanajua Julai ni nini. Hapa Ilomba mwezi huo unalala na soksi, sweta na mablanketi mawili, na bado unamtafuta mwenzako umkumbatie. Nikapeleka mkono upande wa pili wa kitanda, nikakuta patupu, tena pa baridi. Maana yake mtu kaondoka zamani.

Nikainua kichwa. Chini ya mlango mwanga wa bluu unachezacheza, na hakuna sauti yoyote. Wanawake wenzangu mnajua akili inavyokwenda saa nane usiku. Nikajisemea, leo namkamata.

Tena nilikuwa na ushahidi wangu. Wiki mbili kabla, king'amuzi chetu kilileta ujumbe kwamba diski imejaa na tamthilia yangu haitarekodiwa. Nikaingia kwenye orodha ya vilivyorekodiwa ili nifute. Humo ndani kulikuwa na mechi za mpira za tangu enzi na enzi, taarifa za habari za miaka iliyopita, makorokoro matupu. Lakini kimoja hakikuwa na jina, kina namba tu, na pembeni yake kimechorwa kikufuli. Nikakibonyeza, kikaniomba namba ya siri. Nikajaribu tarehe ya harusi yetu, ikakataa. Nikajaribu siku ya kuzaliwa ya Neema, ikakataa.

Hebu niambie ukweli, wewe ungewaza nini?

Nikanyata hadi mlangoni pa sebule bila kuvaa hata kandambili. Baba Neema amekaa sakafuni, mgongo ameegemeza kochi, blanketi begani kama mlinzi wa ghala. Sauti ya televisheni ameizima kabisa. Kwenye kioo kuna kwaya. Akina mama wa makamo wamepanga mistari mitatu, wanayumba pamoja kulia na kushoto, midomo inafunguka na kufumba. Mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, ni mama mkwe wangu.

Mama alifariki 2019.

Nilirudi kitandani vilevile kwa kunyata. Nikavuta blanketi hadi usoni, nikajifanya nimelala. Sikuwa na la kumwambia.

Tulivyofika hapo

Kwa wale wadogo zangu mlioikuta dunia ya simu, ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Sisi tuliokua mwanzoni mwa miaka ya 2000, kipindi kikikupita kimekupita. Jioni ya Kaole pale ITV, mtaa mzima ulikuwa unahamia kwenye sebule moja yenye televisheni, na mwenye sebule ndiye aliyekuwa rais. Aliyekosa alisimuliwa kesho yake bombani. Wenye uwezo kidogo walikuwa na deki, wanarekodi kwenye mkanda wa VHS, na juu ya mkanda wanaandika kwa kalamu USIFUTE HARUSI. Halafu mdogo wao anakuja kurekodi mieleka juu ya harusi hiyo hiyo.

Kisha yakaja mambo ya dijitali. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa 31 Desemba 2012, na huku Mbeya zamu yetu ikafika 2013. Siku zile kila mtu alikuwa anahangaika na king'amuzi, wengine wanakilaani, wengine wanakipangusa vumbi kama mtoto mchanga. Lakini ving'amuzi vilikuja na zawadi moja ambayo wengi hawakuiona haraka. Vingi vilikuwa na tundu la kuchomeka diski, unabonyeza kitufe chekundu kwenye rimoti, kipindi kinajirekodi chenyewe.

Wenzetu Marekani walianza mchezo huo 1999, pale TiVo walipoleta kinasa kinachotumia diski badala ya mkanda. Mwanzoni mwa 2005 wakaongeza huduma ya kuhamisha vipindi kutoka kwenye kinasa kwenda kwenye kompyuta. Watu walifurahi, maana walishaanza kugundua kwamba kinasa ni ghala lenye mlango wa kuingilia tu. Vitu vinaingia, kuvitoa ndiyo kazi.

Sisi hapa Ilomba tuligundua hilo baadaye sana, kwa uchungu.

Kipindi chenyewe

Mwaka 2016 wapiga picha wa televisheni walikwenda Tukuyu kurekodi kwaya ya akina mama kwa ajili ya kipindi cha Jumapili asubuhi. Mama alikuwa mwimbaji wa siku nyingi kwenye kanisa lao la Moravian. Siku kipindi kinarushwa, Baba Neema aliamka alfajiri kama anasafiri, akaweka diski tayari, akapiga simu kwa dada zake wote.

Mimi sikukiangalia. Nilisema nina kazi ya ofisi, nikaingia chumbani, nikafungua mafaili ambayo yangeweza kusubiri hadi mwezi unaofuata.

Mpenzi msomaji, nisikufiche. Mwaka ule mimi na Mama hatukuwa tunaelewana. Mimi ni Mhehe wa Kalenga, nimeolewa Unyakyusani, na tangu siku ya kwanza nilijisikia kama niko kwenye mtihani usiokwisha. Mara ndizi zangu ngumu, mara chai yangu maji, mara mbona Mhehe wetu anacheka kwa sauti. Nilimnunulia kitenge kwa mshahara wangu wa kwanza baada ya harusi, kitenge cha nguvu, nikakichagua pale Mwanjelwa kwa nusu siku. Sikuwahi kumwona amekivaa. Nikahitimisha kwamba amekigawa. Toka hapo nikawa natimiza wajibu tu. Dawa zake za presha napeleka kila mwezi, nasalimia kwa adabu, naondoka.

Kwa hiyo Baba Neema aliponiambia njoo umwone Mama kwenye tivii, nikasema nitaona baadaye. Baadaye ikawa miaka.

Mashine inaanza kufa

Wiki moja baada ya usiku ule wa soksi, king'amuzi kikaanza kuganda. Unabonyeza rimoti leo, kinajibu kesho. Wakati mwingine picha inakatika vipande vipande kama chapati. Nikampigia wakala, akanijibu vizuri kabisa: leteni kibovu, tutawabadilishia kipya.

"Na vilivyorekodiwa?" nikauliza.

"Hivyo havihami, dada."

Nilipomfikishia Baba Neema jibu hilo hakusema neno. Alikaa akiangalia ile rimoti. Huyu ni mwanaume ambaye hakulia msibani. Alisimamia turubai, alisimamia ng'ombe, alisimamia nauli za wageni, wiki iliyofuata akarudi kazini. Watu wakamsifu kwamba ni mwanaume wa shoka. Na mimi nilimsifu.

"Baba Neema," nikamwambia, "ile ya kikufuli naijua. Tuitoe."

Akanigeukia. "Umeijuaje?"

"Nilikuona."

Akainama. Hatukuongeza neno, tukaanza kazi.

Jaribio la kwanza: kidole kilichotaka kuua

Mimi ndiye ninayejidai mjuzi wa kompyuta nyumbani kwetu. Nikachomoa diski kwenye king'amuzi, nikaichomeka kwenye kompyuta mpakato yangu. Windows ikafikiri, kisha ikaniletea ujumbe kwamba diski hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, je, nifomati? Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kukubali. Maofisini tumezoea kukubali kila kitu.

Baba Neema akanidaka mkono. Nusura anivunje kidole.

Baadaye ndipo nilipoelewa jinsi tulivyonusurika. King'amuzi kingi ndani yake kina mfumo wa jamii ya Linux, na diski unayokichomekea hupangwa kwa mtindo ambao Windows haiusomi. Kompyuta ikiona mpangilio isioujua, inadhani diski ni tupu au imeharibika, inakuomba ruhusa ya kuipanga upya. Ukikubali, umejimaliza. Kwa hiyo kama kuna neno moja utaondoka nalo kwenye ukurasa huu, ni hili: ukiona ujumbe huo, bonyeza kukataa, chomoa diski, kunywa maji.

Fundi wa Mwanjelwa

Jumamosi tukapanda bajaji hadi Mwanjelwa. Kuna kijana pale ana kibanda cha kutengeneza redio na simu, upande mmoja mwenzake anaingizia watu muvi kwenye flashi. Tukamweleza. Akaigeuza diski mkononi, akatabasamu.

"Dada, hii diski na king'amuzi chenu vimefunga ndoa. Ya kanisani, haina talaka. Kimoja kikifa, kingine hakifunguki kwa mtu mwingine."

Akatufafanulia vizuri, na mimi nakupa kama nilivyopokea. Ving'amuzi viko vya aina mbili. Vile vya kupokea stesheni za bure mara nyingi hurekodi faili la wazi, lenye mkia wa TS. Hilo unalinakili tu kwenye kompyuta, unalifungua kwa programu ya VLC ambayo ni ya bure, mambo kwisha. Ukitaka liwe dogo na lichezwe kwenye simu, unaligeuza kuwa MP4 kwa programu kama HandBrake, nayo ni ya bure. Kama diski imepangwa kwa mtindo wa FAT32, usishangae kukuta kipindi kimoja kimekatwa vipande, kwa sababu mtindo huo haubebi faili linalozidi GB 4.

Aina ya pili ni vya kulipia. Hivi hurekodi kwa kufunga. Faili linafichwa kwa ufunguo, na ufunguo umo ndani ya king'amuzi kilekile kilichorekodi. Ukiinakili kwenye kompyuta unapata mchanga mtupu. Chetu kilikuwa cha aina hiyo.

"Kwa hiyo haiwezekani?" Baba Neema akauliza. Sauti yake ilimfanya yule kijana aache utani.

"Inawezekana, kaka. Ila si kwa kunakili. Kwa kuangalia."

Ilikuwa hivi. King'amuzi kikicheza kipindi kwenye televisheni, kinakuwa kimeshakifungua chenyewe. Kwa hiyo unakidaka pale kinapotoka. Nyuma ya king'amuzi kuna matundu matatu, njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Unachukua kifaa kidogo cha kunasia picha, upande mmoja kinapokea waya hizo tatu, upande mwingine kinaingia kwenye tundu la USB la kompyuta. Unabonyeza kipindi kicheze, kompyuta inarekodi. Waya wa HDMI una picha nzuri zaidi, lakini mara nyingi una kinga yake dhidi ya kunakiliwa, unaweza kuambulia kioo cheusi. Waya za zamani hazina makuu.

Kasoro ni moja tu. Hakuna kukimbiza. Kipindi cha saa 1 kinahamishwa kwa saa 1. Lazima kicheze chote.

Tukalipa shilingi 35,000 ya kifaa. Tukaondoka.

Usiku wa kazi

Tukamlaza Neema mapema. Nikachomeka waya, picha ikaja, nikabonyeza kurekodi. Kwa kuwa hatukutaka kelele tulipunguza sauti ya televisheni hadi mwisho. Dakika 20 zilipopita nikasimamisha, nikafungua nilichorekodi nijiridhishe.

Mama anafungua mdomo, hakuna sauti. Kwaya nzima bubu. Sikuwa nimechagua mahali pa kuingizia sauti kwenye programu, nimechukua picha tupu. Nikafuta, nikaanza upya.

Mara ya pili tulifika dakika ya 14, umeme ukakatika. Kompyuta ina betri, ikaendelea kurekodi giza kwa uaminifu mkubwa. Tukakaa na mshumaa, saa 1 na nusu.

Mara ya tatu king'amuzi kikaganda. Nikagusa juu yake, kimepata moto kama pasi. Hapo ndipo nilipoishukuru Ilomba na baridi yake. Tukafungua dirisha, tukakiweka king'amuzi kwenye tofali pale dirishani, upepo wa Loleza ukakipuliza. Sisi tukajifunika blanketi moja. Tukaanza mara ya nne, safari hii na sauti juu.

Na kwa sababu hakuna kukimbiza, nikajikuta naangalia kipindi nilichokikimbia tangu 2016.

Nyimbo zilikuwa nzuri. Baba Neema alikuwa ananionyesha, huyu ni mama mdogo wa Masoko, yule alinifundisha darasa la pili. Niliona uso wake unalegea. Dakika ya 31 nyimbo zikaisha, mtangazaji akawafuata akina mama majumbani kwao. Nikaona jikoni ninalolijua, mafiga, sufuria ya ndizi inachemka. Mama amekaa kwenye kigoda.

Amevaa kile kitenge.

Sikupumua. Kimeshapauka kwenye magoti, kimefuliwa mara nyingi. Hakikuwa kitenge cha kutolea kwa ajili ya kamera. Kilikuwa cha kila siku, cha jikoni na shambani, ambako mimi nikienda na gari la mchana sikuwahi kumkuta, maana akisikia wageni alikuwa anaingia ndani kubadili.

Mtangazaji akamuuliza anaishije na afya yake. Mama akacheka, akasema presha inamsumbua lakini ana mkwe wake kule Ilomba, mtoto wa Kihehe, kila mwezi dawa haikosi. Akasema anacheka kwa sauti, nyumba inachangamka. Kisha akageukia sufuria yake.

Ilikuwa kama nusu dakika. Kipindi kikaendelea na mambo mengine.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Ulikuwa hutaki hata kusikia kipindi kinatajwa," akasema. "Nikaona siku ukitaka mwenyewe utaona. Halafu akafariki. Nikaona nikikuonyesha nitakuwa kama nakuhukumu."

"Ndiyo maana ukafunga?"

"Nilifunga usije ukafuta."

Na kweli, ningefuta. Bila kile kikufuli ningefuta, nirekodi tamthilia ambayo hata mwisho wake sasa siukumbuki.

Hapo ndipo Baba Neema alipolia. Si sana. Alilia kama mtu anayekohoa. Mimi nililia zaidi. Kompyuta ikaendelea kuhesabu dakika, king'amuzi dirishani kikaendelea kupigwa baridi. Kipindi kilipoisha tulikuwa na faili la kama GB 2, lina mama mzima ndani yake.

Si sisi peke yetu

Usidhani ni mambo ya watu wadogo wa Ilomba tu. BBC ya Uingereza, pamoja na ukubwa wake, katika miaka ya 1960 na 1970 ilifuta kanda nyingi ili izitumie tena, zikiwemo za tamthilia yao maarufu ya Doctor Who. Baadaye wakaanza kuzitafuta dunia nzima. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 zilizopotea zimepatikana kwenye mji wa Jos, Nigeria, kwenye kituo cha televisheni. Na kwa zile ambazo picha zake bado hazijaonekana, sauti zipo, kwa sababu ya watazamaji wa kawaida waliokuwa wanarekodi nyumbani kwao.

Umeona? Wenye kituo walifuta, mtu wa sebuleni akatunza. Kwa hiyo usikae ukasema kipindi hicho lazima kipo kwao, nitakiomba siku moja.

Kuhusu sheria, msinitumie barua. Marekani suala hili lilifika Mahakama Kuu mwaka 1984, kesi ya Sony na deki zao za Betamax, na majaji 5 dhidi ya 4 wakasema mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akiangalie baadaye si kosa. Kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndio wasimamizi. Kutunza kumbukumbu ya mama yako nyumbani ni jambo moja. Kuwaingizia watu vipindi kwenye flashi kwa hela, au kuvirusha mtandaoni, hilo ni jambo lingine, na mimi sikukutuma.

Kabla diski haijafa

Kwa wale wenye kitu cha thamani ndani ya king'amuzi, fanyeni haya wiki hii.

1. Kaeni wawili, pitieni orodha ya vilivyorekodiwa. Kila mmoja ataje ambavyo havifutwi, na aseme kwa nini. Usibishe. Cha mwenzako kinaweza kuonekana makorokoro kwa sababu hujui kilichomo.

2. Jueni king'amuzi chenu ni cha aina gani. Kama faili ni la wazi, nakilini. Kama limefungwa, tumieni njia ya waya tatu, tena king'amuzi kingali kizima. Kikishakufa, hakuna fundi wa kuwasaidia.

3. Rekodini kwanza dakika 1 ya majaribio. Hakikisheni picha ipo NA SAUTI IPO. Mimi nimelipia somo hilo.

4. Wekeni nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba. Yetu moja ipo kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya kabatini, moja kwa wifi yangu Iringa. Mwizi, moto na chai ya maziwa havibagui.

5. Jihadharini na flashi za bei ya karanga zinazojiita TB 1. Nyingi ni feki, zinapokea mafaili kwa tabasamu kisha zinayameza. Jaribuni kufungua faili na kulicheza hadi mwisho kabla ya kufuta la kwanza.

6. Mkituma kwa ndugu kwa WhatsApp, tumeni kama hati, si kama video. Ukituma kama video inabanwa na sura zinakuwa ukungu. Kama hati inabeba hadi GB 2.

7. Lipeni faili jina. Jina kamili, mwaka, mahali. Miaka 20 ijayo namba 0012 haitamwambia kitu mtoto wenu.

Tukuyu

Mwezi uliofuata tulikwenda Tukuyu na kompyuta. Wanyakyusa wana mila yao, mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe wake, na pale kwetu mzee anaiheshimu mpaka leo. Mimi niliona sawa. Nikabaki jikoni na wifi zangu, kwenye mafiga yaleyale, Baba Neema akaingia na kompyuta kwa baba yake.

Tukasikia kwaya inaanza. Wifi yangu mkubwa akaacha kumenya ndizi. Kisha tukasikia sauti nyingine, nzito, ya kikongwe, inafuatisha besi kutoka ndani. Mzee alikuwa anaimba na mkewe. Alijua kila neno.

Ilipofika ile sehemu ya kigoda na sufuria, mzee akanyamaza. Tukamsikia anamwambia mwanawe airudie. Akairudia. Halafu mzee akapaza sauti kuelekea jikoni, bila kuniita jina, kama mila inavyotaka, akisema kwa Kinyakyusa maneno ambayo wifi yangu alinitafsiria huku anafuta macho kwa kanga:

"Baba anasema, kile kitenge bado kipo kabatini. Anauliza kama mwenye nacho anakitaka."

Nimekuja nacho Ilomba. Sijakivaa bado. Kimekunjwa kabatini, juu ya ile diski.

Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa, na safari hii ni bajeti kweli.